Rangi ya 1924 Bado Iko Mtaani

Kuna ubishi usioisha kati ya vijana wanaong'arisha magari na mafundi wa rangi wa zamani. Kijana amenunua DA, ile mashine ya polishi inayozunguka huku ikitikisika, amesoma YouTube wiki mbili, na sasa anatangaza kwamba fundi mzee na rotari yake ndio wamemaliza rangi za magari ya Nairobi. Mzee naye anaangalia ile DA ikitetemeka juu ya boneti na kuuliza kama hicho ni kifaa cha kazi ama ni cha kukanda mgongo.

Mimi nasema wote wako sawa, na wote wanakosea wakivuka uwanja wa mwenzao. Wanadhani wanabishana juu ya mashine. Ukweli ni kwamba kila mmoja anaongea kuhusu rangi yake, na hizo rangi mbili zimeachana karibu miaka 60. Ndio maana lazima nikupeleke Marekani ya miaka ya 1920 kwanza, halafu turudi Grogan. Vumilia, kuna baruti njiani.

Gari za kwanza kabisa zilipakwa rangi kama mikokoteni ya farasi, kwa sababu waliozitengeneza bodi walikuwa mafundi wa mikokoteni. Rangi ya mafuta, juu yake vanishi, kwa brashi. Unapaka mkono mmoja, unangoja ukauke, unasugua kwa unga wa pumis (ndugu ya lile jiwe unalosugulia visigino), unapaka mwingine. Gari moja lilikuwa linakaa wiki kadhaa kwenye chumba cha rangi, mengine zaidi ya mwezi. Sasa weka hiyo kando ya Henry Ford, ambaye mwaka 1913 alianza laini ya kuunganisha magari inayosonga, na muda wa kuunganisha chasi ya Model T ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama dakika 93. Unaona shida? Unatengeneza gari kwa saa chache, halafu unangoja rangi kama mtu anayengoja mahindi yaive. Ford alitoroka tatizo kwa kushikilia enameli nyeusi iliyochomwa kwenye oveni, na kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka nyeusi tu.

Washindani wake wa General Motors walitaka rangi za kupendeza, na walipata msaada kutoka mahali usipotarajia. DuPont ilikuwa kampuni ya baruti tangu 1802. Vita vya Kwanza vya Dunia viliifanya iwe tajiri ajabu, kwa sababu baruti isiyo na moshi inatokana na nitroselulosi, yaani pamba iliyopitishwa kwenye asidi. Vita vikaisha 1918, na DuPont wakabaki na viwanda, wakemia na ujuzi wa nitroselulosi, bila mtu wa kupiga risasi. Wakati huohuo walikuwa wamenunua sehemu kubwa ya hisa za General Motors. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaipata. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakemia wao walipata njia ya kuifanya nitroselulosi kuwa nyepesi ya kutosha kubeba rangi nyingi na kupulizwa kwa bunduki ya hewa. Wakaiita Duco. Gari la Oakland la mwaka 1924, chapa ya GM, lilitoka nayo, rangi ya buluu. Kazi ya wiki ikawa kazi ya saa.

Kwa hivyo ile rangi iliyoleta magari mekundu na ya buluu barabarani ni mtoto wa baruti. Sitachoka kusimulia hiyo.

Lakini Duco ilikuwa na tabia moja, na kila kitu nitakachosema kuanzia hapa kinasimama juu yake. Hiyo rangi inakauka kwa thina kuruka hewani, basi. Inakauka haraka mno hata haipati muda wa kujisawazisha, kwa hivyo ikitoka kwenye bunduki iko na vijivimbe kama ganda la chungwa na haina mng'ao wa maana. Mng'ao lazima uutoe wewe, kwa kusugua. Viwandani kulikuwa na watu ambao kazi yao yote ilikuwa kusugua bodi kwa kompaundi baada ya rangi kukauka. Kung'arisha hakukuwa huduma ya ziada ya Jumamosi. Kulikuwa hatua ya mwisho ya kupaka rangi.

Na jua likiipiga, ile rangi inafifia na kuwa kama imepakwa chaki. Unasugua tena, mng'ao unarudi. Hapo ndipo biashara ya nta za magari iliponona. Simoniz ilikuwa Chicago tangu 1910, na jina lake likazoeleka hadi Wamarekani wakaligeuza kitenzi cha kung'arisha gari. Mwaka 1941, Chicago hiyohiyo, Ben Hirsch alianza kuuza nta ya maji aliyoiita Plastone, ile tunayoijua leo kama Turtle Wax. Gari lilikuwa linasuguliwa kila msimu, kama sakafu ya seruji ya nyumba ya nyanya yako inayopigwa kiwi kila Ijumaa.

Kidogo nitoke nje ya barabara hapa. Tunaongea kusugua kama kwamba ni jambo tuliloletewa kwenye kontena, na neno tunalotumia ni msasa. Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa Pwani walikuwa wanasugulia mbao kwa hayo majani. Karatasi ya kiwandani ilipokuja, ilikuta jina liko tayari, ikapewa. Kwa hivyo wewe unayeuliza msasa wa 2000 uko wapi, unaitisha jani. Ile ya kutumia na maji ilitoka kwa kampuni ya 3M ya Minnesota mwaka 1921, na viwanda vya magari viliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ilizuia vumbi la rangi kuruka. Wakati huo rangi zilikuwa na madini ya risasi, na watu walikuwa wanavuta hilo vumbi siku nzima.

Turudi.

Kusugua kwa mkono kunachosha, kwa hivyo mota ikaingia. Rotari ni kitu rahisi: pedi imefungwa kwenye mhimili, mhimili unazunguka, pedi inazunguka. Zamani ilivishwa manyoya ya kondoo. Chukua pedi ya sentimita 18, iendeshe mizunguko 1,500 kwa dakika, halafu piga hesabu ya ukingo wake: unasafiri kama kilomita 50 kwa saa. Huo ndio mwendo wa juu ambao sheria inaruhusu ndani ya mji. Katikati ya pedi, hakuna kinachosogea. Kwa hivyo ukiilaza mashine vibaya kidogo, ukingo mmoja unachimba, na unachimba mahali pamoja, upande mmoja, kwa kasi ya matatu. Joto linapanda. Inakata haraka kuliko kitu chochote, na ikishikwa na mkono usioijua inaacha mawimbi ambayo hayaonekani kivulini. Ukitoa gari kwenye jua unaona kama mtu alilipangusa na ufagio wa chuma.

Sasa fikiria hiyo rotari juu ya rangi ya nitroselulosi. Rangi imepulizwa mikono mingi, nyama iko. Inahitaji kukatwa ndiyo ing'ae. Na ikitokea umeichoma pembeni, si mwisho wa dunia: rangi ya aina hiyo inayeyuka tena ikikutana na thina, kwa hivyo ukipuliza kidogo mahali palipoungua, mkono mpya unayeyukia ndani ya ule wa chini na wanakuwa kitu kimoja. Rangi yenyewe ilikuwa inasamehe. Mashine kali juu ya rangi inayosamehe, ni ndoa nzuri tu.

Na hapa ndipo Grogan inaingia. Kirinyaga Road kwenye ramani, Grogan midomoni. Pamoja na Kariobangi, Industrial Area na kila uwanja ulio na kompresa na mwembe wa kivuli. Nenda uulize fundi anapiga rangi gani, atakuuliza kwanza una pesa ngapi, halafu atakupa machaguo mawili: NC ama 2K. Hizo herufi NC, watu wengi wanazisema bila kufikiria zinasimamia nini. Ni nitroselulosi. Ni ukoo uleule wa Duco, wa gari la Oakland la 1924, uko hai unapulizwa leo asubuhi kwenye mlango wa Probox.

Na iko hai kwa sababu zenye akili. NC haihitaji oveni. Haihitaji hadena. Inakauka kwa jua, na jina la sekta yetu lenyewe ni jua kali, sasa ungetaka nini tena? Fundi anapuliza saa nne, saa nane anasugua, jioni mwenye gari anaondoka. Akikosea anarudia bila kuanza upya. Kwa uwanja usio na ukuta wala paa, hiyo ndiyo rangi iliyoumbwa kwa ajili yao, na DuPont hawakujua.

Nilikaa siku nzima na mzee mmoja wa kazi hiyo, amepiga rangi tangu enzi za Peugeot 504, wakati hizo gari zilikuwa zinaunganishwa hapa Kenya na ndizo zilizokuwa zikibeba abiria wa safari ndefu. Nikamuuliza, "Mzee, unajuaje ukifika mwisho, usije ukatoboa rangi?" Akasema, "Kijana, mashine inakuambia." Nikadhani ananipiga chenga. Kisha akaniita nisikilize. Pedi ikiwa bado inakata, mota inalia chini, kama inabeba mzigo. Kompaundi ikiisha nguvu sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Halafu alikuwa anagusa bati kwa mgongo wa vidole kila baada ya sekunde chache, kusikia joto. Kwenye kona na kwenye zile mistari za bodi alikuwa anainua mashine kabisa na kumalizia kwa kitambaa, kwa sababu rangi ikipulizwa inakimbia kona, inabaki nyembamba pale. Hakuna mtu aliyemwandikia hayo. Miaka mingapi hiyo imeingia mkononi? Halafu kijana wa miezi mitatu anamwita mshamba.

Lakini mzee naye kuna gari lilimpita hivi, na hakuliona.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na hasa miaka ya 1980, viwanda vilihama. Watu walitaka rangi za metaliki, zile zenye vichembe vya alumini vinavyometameta ndani. Vichembe hivyo ukivisugua moja kwa moja vinafifia. Wakati huohuo serikali za nchi zilizoendelea zilianza kubana mvuke wa thina unaotoka viwandani. Jibu likawa kugawanya rangi mara mbili: chini rangi yenyewe, nyembamba, haina mng'ao, juu yake klia, tabaka lisilo na rangi, gumu, linaloiva kwa kemia na joto. Klia ndiyo inang'aa. Klia ndiyo imebeba kinga dhidi ya miale ya jua. Inatoka kwenye oveni ya kiwanda ikiwa imeshang'aa, haidai kusuguliwa na mtu.

Unene wake sasa. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya A4, ina kama mikroni 100. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, yaani praima, rangi na klia pamoja, mara nyingi iko kati ya 100 na 150. Klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Nusu ya karatasi. Unywele wa kichwa chako unaweza kuizidi. Na hii klia ikishaiva haiyeyuki tena kwa thina. Ukiitoboa, hakuna kupuliza kidogo pembeni ikajiunga yenyewe. Unapaka upya bati lote, la sivyo utaona mpaka wa kazi yako milele.

Kwa hivyo chukua mkono uliofunzwa kwenye NC, mkono mzuri, mkono wa kweli, uuweke juu ya klia na rotari ya manyoya na kompaundi kali. Gari linatoka liking'aa vibaya sana. Mwenye gari anafurahi, analipa, anaongeza ya chai. Mwaka mmoja, miwili inapita. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na miale ya jua haina huruma hapa. Klia iliyobaki haiwezi tena kukinga. Inaanza doa jeupe juu ya paa, linasambaa, halafu inachunika kama nyoka anayevua gamba. Angalia gari kumi zijazo zikikupita, utaziona tu, hasa boneti na paa. Si zote zimeharibiwa na mafundi. Nyingine jua limezimaliza lenyewe. Lakini zile zilizosuguliwa kila Pasaka na kila Krismasi zilipewa lifti.

Na magari yenyewe yalibadilika ghafla hapa kwetu. Baada ya biashara ya uagizaji kufunguliwa miaka ya 1990, mitumba ya Japani ilimiminika kupitia Mombasa, na leo sheria inakataa gari lililozidi miaka 8. Maana yake karibu kila Vitz, Demio na Fielder inayoshuka melini imekuja na klia ya kiwandani. Mzee aliamka siku moja akakuta rangi imebadilika chini ya mashine yake, na hakuna aliyemtumia barua. Kwa jicho, zote zinang'aa sawa.

DA ilizaliwa kwenye useremala na kwenye bodi za magari, kama mashine ya msasa. Tatizo la msasa wa mota lilikuwa ni alama. Diski inayozunguka tu inaacha mikwaruzo ya upinde. Ile inayotikisika kwa viduara vidogo inaacha vimikia vya nguruwe. Mtu akaunganisha hizo mbili: pedi inakaa kando kidogo ya mhimili, kwa hivyo inachora viduara vidogo maelfu kwa dakika, halafu imewekwa juu ya beringi iliyo huru, kwa hivyo inazunguka pia, polepole, jinsi inavyotaka yenyewe. Hakuna kitu kinachoilazimisha. Kwa sababu hiyo chembe moja ya kompaundi karibu kamwe hairudii njia iliyopita, na mkwaruzo haupati nafasi ya kujengeka.

Baadaye wenye magari Marekani waliingia kwenye maduka ya maseremala, wakachukua mashine ya Porter-Cable na kuifunga pedi ya sponji. Hadi miaka ya 2000 modeli yao ya 7424 ilikuwa kama biblia ya watu wanaong'arisha gari lao wenyewe nyumbani. Kiduara chake kilikuwa kama milimita 8. Piga hesabu ileile: milimita 8, mizunguko 5,000 kwa dakika, unapata kama kilomita 7 na nusu kwa saa. Rotari ilikuwa 50. Huu ni mwendo wa mtu anayejog taratibu Karura. Ilikuwa inachosha kwa upole wake, unaweza kumaliza mchana wote na mlango mmoja. Ndipo miaka ya 2010 kampuni ya Rupes ya Italia ikaja na viduara vipana, milimita 15 na 21, na hapo DA ikaanza kukata kazi ya kweli bila kuacha tabia yake.

Tabia yenyewe ni hii: ukiibonyeza sana, inaacha kuzunguka. Beringi iko huru, kwa hivyo nguvu yako inaishinda na inabaki kutikisika tu. Watu huchora mstari kwa kalamu pembeni ya pedi ili waone kama bado inazunguka. Ukiielekeza vibaya kwenye kona, haichimbi kama rotari. Kwenye NC rangi ndiyo ilikuwa inasamehe na mashine ilikuwa kali. Kwenye klia rangi ndiyo kali, na msamaha ukahamia kwenye mashine.

Sasa niwageukie wenzangu wa DA, kwa sababu hamjamaliza kusikia.

Moja, DA inakula klia pia. Polepole, lakini inakula. Kila ukitoa ule utando wa buibui unaoonekana juani, hujajaza mikwaruzo. Umeshusha uso wote wa rangi hadi chini ya mikwaruzo. Zinaenda mikroni chache kila mara, na huwezi kuzirudisha kwa nta wala kwa serameki. Kwa hivyo yule anayeuza "polishi ya kila mwezi" kwa pakeji ya elfu mbili anakata mshahara wa gari lako kimya kimya, ni vile tu anatumia mashine ya adabu. Na utando wenyewe unatoka wapi? Kitambaa kikavu juu ya vumbi jekundu. Ndoo moja ya maji inayoosha gari nane. Acha hivyo viwili kwanza, ndio uongee mashine.

Halafu kuna plastiki na raba. Kompaundi ikirukia plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, inaingia kwenye vinyweleo vyake na kukauka nyeupe, na hiyo utaifuta hadi uchoke. Probox za zamani zenye bampa nyeusi mnazijua, zimeaibishwa sana hivyo. Dawa yake ni tepu, na tepu yenyewe ina asili hukuhuku: mwaka 1925 Richard Drew wa 3M aliitengeneza baada ya kuona wapaka rangi wakihangaika na magari ya rangi mbili, wakibandika karatasi kwa gundi iliyong'oa rangi mpya ikitoka. Miaka 100 na bado kuna mtu anapiga mashine bila kuziba raba ya dirisha. Bampa iliyopakwa rangi nayo ina siri nyingine. Bati linasambaza joto, plastiki inalishika palepale, kwa hivyo kile ambacho boneti ilivumilia, bampa itaungua. Na ile plastiki nyeusi ya kung'aa kwenye nguzo za milango ya magari mapya, hiyo inakwaruzwa hata na taulo. Pedi ndogo, laini kabisa, ama iache.

Taa za mbele sitaongea sana. Plastiki yake ina koti la kinga dhidi ya jua, na likishaanza kuwa njano unalisugua lote linatoka. Zinang'aa kama mpya kwa miezi michache, zinarudi njano, sasa kwa kasi, kwa sababu umetoa kinga na hukurudisha nyingine. Wale wa dawa ya meno, Mungu anawaona.

Lakini kosa kubwa la vijana ni kudhani kila gari lina klia. Hii ni Nairobi. Gari lina klia ya Japani kwenye paa, mlango wa kushoto ulipigwa 2K baada ya ajali ya Thika Road, na bampa ya nyuma ni NC ya mwaka jana iliyopulizwa chini ya mwembe. Enzi tatu kwenye gari moja. Ukipita na DA yako ya upole kwenye ile NC utazunguka hadi giza na haitang'aa vile inavyotakiwa, kwa sababu ile inadai kukatwa. Mteja anakuuliza mbona bampa ni kama imelala, unaanza kulaumu fundi. Fundi alijua atakuja kuimaliza na rotari. Wewe ndiye uliingia katikati ya kazi yake.

Na mtu yeyote anayedhani 2K ni salama kwa sababu ni ya kisasa, aende aone inavyopulizwa. Hadena yake ina isosianeti, kitu kinachoweza kukuachia pumu ya maisha, na nimeona vijana wakiipuliza wakiwa wamejifunga leso puani. Leso haizuii huo mvuke. Kama kuna pesa ya kununua mashine ya polishi ya elfu thelathini, barakoa ya kweli iwe ya kwanza.

Njia ya kujua unagusa rangi gani haihitaji chuo. Kuna kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo unachobandika kwenye bati. Kikisoma 110 kwenye paa na 300 kwenye mlango, huo mlango una hadithi. Kwenye plastiki kipimo cha kawaida hakisomi kitu. Kama huna, chukua kitambaa cheupe, tone la kompaundi, nenda mahali pasipoonekana, mfano chini ya mlango, usugue kwa mkono mara chache. Kitambaa kikibaki cheupe ama kijivu cha uchafu, uko juu ya klia, endelea na DA na pedi laini kabla ya kali. Kikitoka na rangi ya gari, nyekundu kwa nyekundu, hakuna klia hapo. Inaweza kuwa NC, inaweza kuwa 2K iliyopigwa bila klia. Loweka kitambaa kingine kwa thina, ukiguse palepale kwa sekunde mbili. NC italainika na kunata. Hiyo ukiipata, mpigie mzee simu, na mkubaliane bei kabla hajawasha rotari.